Koleti ya Kolongolo

Mume wangu Makokha hakuweza kupita karibu na tundu lolote bila kutia kidole. Nasema hivi kwa heshima zote, maana sasa amelala Kimilili na hawezi kujitetea, lakini ni kweli tupu. Mdomo wa chupa, shingo ya kibuyu, kitasa cha mlango, jembe lililochomoka mpini, vyote alivigusa kwanza kwa kidole gumba, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu. "Mama Nanyama, hii kifuniko si ya hii sufuria. Inacheza." Namjibu kwamba mboga inaiva, anataka nini zaidi. Alikuwa akiondoka nacho, na jioni kinarudi kimegongwa ukingo mpaka kimekaa barabara, nami nimenuna kwa sababu nimepika kutwa bila kifuniko.

Hata mimi aliniposa kwa mkono. Ilikuwa Krismasi, amekuja likizo kutoka Nakuru, akanisalimu nje ya kanisa na kuushika mkono wangu muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe alikuwa anapima. Pasaka alirudi na pete ya shaba aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye kipande cha pampu iliyokufa, akanivisha mbele ya baba yangu, nayo ikateleza mpaka mahali pake na kutulia. Baba akauliza amejuaje kipimo cha binti yake. "Nilimsalimia, mzee," Makokha akasema. Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Kazi yake ilikuwa katika karakana moja karibu na reli, mahali zilipoletwa mashine za bonde zima zikiwa zimeharibika: za kupura ngano kutoka Njoro, pampu za maji kutoka Ndabibi, matrekta ya kila namna. Makokha alisimamia mashine ya kukatia chuma. Nimeelezwa habari za mashine hiyo kuliko nilivyotaka, kwa hiyo na wewe vumilia kidogo. Kisu chake si kama kisu cha jikoni. Ni kipande cha chuma cha mviringo, upande mmoja kina meno, upande wa pili kina mguu laini. Mguu huo unashikwa na kitu kinachoitwa koleti, yaani bomba fupi la chuma lililopasuliwa ubavuni, ili ukikaza nati zile nyufa zijibane na kuukumbatia mguu pande zote. Kila koleti ina mguu wake. Mguu ukiwa mnene hauingii, na hapo hakuna madhara. Taabu ni mguu ulio mwembamba kwa unene wa ukucha tu. Huo unaingia, nati inakaza, nawe unaamini umeshikwa. Lakini umeshikwa midomoni peke yake, na kisu kikianza kula chuma kinateremka chenyewe polepole, kinachimba kina ambacho hukukiagiza. Kazi inaharibika. Siku mbaya zaidi kisu kinavunjika na kipande kinatafuta jicho la mtu.

"Mguu mwembamba inakudanganya na adabu," alikuwa akisema.

Sanduku la karakana lilikuwa na koleti nane, na namba zilizochapwa juu yake zilikuwa zimefutika kwa miaka na mafuta. Makokha akazipa majina ya marika. Kwetu Wabukusu wanaume waliotahiriwa miaka ya pamoja ni rika moja, na majina ya marika ni manane yanayozunguka kizazi hadi kizazi. Koleti nene akawapa wazee, nyembamba akawapa vijana. Ile ya nusu inchi, iliyotumika kuliko zote, akaipa jina la rika lake mwenyewe, Kolongolo, na iliyoifuata kwa wembamba ikawa Kikwameti, wadogo zao. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba mguu unaketi na rika lake. Aliisema karakanani, na nyumbani akaniletea kwenye vifuniko na vizibo.

Kwenye mashine ya pili alikuwa Kipketer, Mtugen wa Ravine, mtu mrefu mwenye maneno machache mpaka amjue mtu, na akishakujua humnyamazishi. Siku moja alimsikia Makokha akinung'unika, "Nani ametoa Kolongolo kwa sanduku?" Kipketer akazima mashine yake. "Hiyo jina umetoa wapi? Mimi ndiyo Korongoro." Kwa maana Watugen nao wana majina hayohayo, sijui ni babu zetu waliokuwa majirani zamani au ni vipi. Wakahesabu miaka, wakakuta walitahiriwa karibu wakati mmoja. Tangu siku hiyo wakawa rika.

Rika si urafiki. Watu wa rika moja wanatukanana matusi ya kuziba masikio na hakuna anayekasirika. Wanakula sahani moja. Na mmoja hamwachi mwenzake aaibike mbele ya wageni. Hayo mawili ya kwanza niliyajua vizuri sana, kwa sababu yalifanyika juu ya chakula changu. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke hali, mtoto hali, mgeni hapewi, na mwanamke akimwekea mtu mwingine amesema jambo zito. Lakini kila Kipketer alipokula nasi, Makokha aliikata firigisi katikati, vipande viwili sawasawa mpaka ungedhani vimepimwa kwa mashine, akampa nusu. Mimi nilichukia. Nilikuwa nachinja kuku mmoja kwa miezi miwili, na nusu ya heshima ya mume wangu inakwenda Ravine.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa Nakuru, maana wanawake wengi walikuwa wameachwa nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza, Wafula, alizaliwa Kimilili baba yake akiwa kazini. Akashikwa na homa. Ujumbe ulichelewa, ruhusa ikachelewa, na Makokha alifika siku ya nne baada ya maziko. Alipiga magoti, akafungua kiganja, akalipima kaburi kwa shubiri. Shubiri nne. Akaendelea kuweka kiganja pale mwisho kana kwamba anaweza kupata ya tano. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na siku ile niliapa kwamba mtoto mwingine hatazaliwa wala kuugua mbali na mkono ule. Nilipopata mimba ya Nanyama nilipanda gari la moshi na sufuria mbili, nikamfuata.

Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa karakana, laini ya mabachela, kwenye pembe iliyotengwa kwa blanketi. Upande wa pili wa blanketi walilala wanaume watatu, Kipketer akiwa mmoja wao, na walikohoa kabla ya kuingia. Msimamizi wa zamani alijua, akafumba macho. Mwaka wa hamsini na sita akaja msimamizi mpya, Mzungu mwenye kupenda orodha, naye akatoa amri. Mwisho wa Agosti wanawake wote na watoto waondoke laini ya mabachela warudi kwao. Chumba cha familia atapewa fundi mwenye cheti cha mtihani peke yake. Kilikuwepo kimoja kitupu mwisho wa laini, chenye mlango wa kijani na jiko lake nyuma.

Mtahini alikuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwaka, na mwaka ule angekuja Agosti hiyohiyo. Walioandikwa walikuwa wawili, Kipketer na Makokha. Kipketer alitaka cheti tu; mke wake Chepkemei alikuwa na mbuzi zake Ravine na alishasema mji haujui. Chumba kilikuwa chetu, ilimradi Makokha asikosee. Na Makokha kukosea kwenye mashine ile, nani angeamini? Nilikwenda mchana mmoja nikalipima dirisha la chumba kile kwa kamba, nikaanza kushona pazia. Na mimi nilikuwa nimejifunza kupima.

Siku ya mtihani nilihadithiwa baadaye, tena na mtu aliyeiona kwa macho, kwa hiyo naisimulia kama nilikuwepo. Mashine ya mtihani ilikuwa moja, wakaingia kwa zamu, Kipketer kwanza na Makokha akisubiri kwenye benchi. Karani wa karakana akawatafsiria maneno ya mtahini: kazi ni ya mtu mmoja, na yule wa benchi akifungua mdomo ametoka. Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mfereji kwenye shafti, fimbo nene ya chuma, upana na kina kama mchoro unavyosema. Mtahini alikuja na visu vyake, vipya, vinang'aa ndani ya kasha la mbao. Vilitoka nchi za ng'ambo ambako hawapimi kwa inchi. Hilo hawakuambiwa. Chini ya visu kulikuwa na tabaka la pili la kasha, na humo ndimo zilimokuwa koleti za visu hivyo.

Kipketer alisogea mashineni kwa haraka. Akachukua kisu, akautazama mguu, akauona ni wa nusu inchi, akanyoosha mkono kwenye sanduku la siku zote na kumtoa Kolongolo. Mguu ukaingia.

Makokha pale benchi aliinua kichwa. Mguu ulioingia kwa rika lake, alikuwa akisema, unasita kidogo, mafuta yanalia, ndipo unaketi. Huu haukusita. Ulianguka ndani na kugonga. Kipketer akakaza nati kwa spana, akajaribu kuutikisa, haukutikisika, akaridhika. Akawasha mashine. Akashika gurudumu la kuteremshia kisu.

Makokha aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hapo aliuona mlango wa kijani, nami nimesimama mbele yake na Nanyama mgongoni. Alituona vizuri kabisa. Kisha akafungua mdomo.

"Kipketer, mjinga wewe. Unamketisha mtoto wa Kikwameti kwa kiti ya Kolongolo. Wewe ulitahiriwa ukiwa umelala."

Kipketer akaganda, mkono juu ya gurudumu. Akazima mashine. Akalegeza nati, akautoa mguu, akaugeuza kwa vidole, na safari hii vidole vikamwambia. Akaliinua tabaka la juu la kasha, akaziona koleti zilizolala chini yake, akazijaribu moja moja mpaka mguu ukasita na kuketi.

Mtahini hakuona hayo, alikuwa amemgeukia Makokha, shingo nyekundu. Akamuuliza karani mtu huyu amesema nini. Karani, ambaye alikuwa amewasikia wale wawili kila siku ya Mungu, akasema, "Anamtukana mwenzake, bwana. Ndiyo desturi yao." Mtahini akanyoosha kidole mlangoni. Makokha angeweza kueleza. Angesema, sikumtukana, nimemwonya, koleti ile si yake, labda angesifiwa. Lakini hapo ingekuwa Kipketer amesaidiwa, na cheti cha Kipketer kingekwenda na maji. Kwa hiyo akachukua kofia yake, akasema, "Samahani, bwana," akatoka.

Nilikuwa nafua alipofika. Alisimama kando ya beseni, akatia kidole kwenye tundu la mkono wa ndoo.

"Nimefukuzwa kwa mtihani," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilitukana mtu."

"Nani?"

"Kipketer."

Nikamngoja aendelee. Nikamuuliza kama ni hivyo tu, akasema ni hivyo tu. Basi nikafungua mdomo wangu mimi, na mimi sikuwa na mtahini wa kunitoa nje. Nilimwambia ameuza nyumba ya mtoto wake kwa tusi la upuuzi. Nilimwambia kama mdomo umemshinda angeuziba kwa hicho kidole chake. Nilimtajia Wafula, jambo ambalo hatukuwa tukifanya, na nikaona uso wake ukibadilika na bado sikunyamaza. Kisha nikataka kuivua ile pete nimrushie. Niliivuta, nikaizungusha, nikaipaka sabuni. Haikutoka. Hata hasira zangu alikuwa amezipimia.

Tulikaa siku tisa bila maneno ila ya chumvi na maji. Nilifunga sufuria, nikalikunja pazia nikaliweka chini kabisa ya sanduku. Gari la moshi ningelipanda Jumatatu.

Jumamosi baada ya saa saba Kipketer akatoka kazini, akaketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa. Nilikuwa sina uso wa kumwonyesha. Yeye alikuwa amefaulu, laini nzima ilijua.

"Shemeji, kuja tuone nyumba," akasema.

"Nyumba gani? Yako?"

"Bwana yako hajakuambia?"

"Aliniambia alikutukana."

Kipketer akatikisa kichwa muda mrefu. Ndipo akanihadithia yote, toka kasha la mbao mpaka kofia. "Ile kisu ningevunja," akasema. "Pengine na jicho. Makokha alijua. Na alijua akisema maana ya hiyo maneno, mimi naanguka. Akabeba jina ya mtu wa matusi, akaenda nayo." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya sanduku langu. "Wamenipa chumba. Chepkemei hataki Nakuru, hata umfunge na kamba. Nyinyi ingieni. Mimi nabaki hapa kwa mabachela."

"Na msimamizi?"

"Ameniuliza ni nani watakaa. Nimesema ni watu wa kwangu. Ameandika."

Na ni kweli aliandika, maana kwa bwana yule Mtugen na Mbukusu walikuwa kitu kimoja, mradi orodha imejaa. Sikucheka wakati huo. Nililia, nikalia kwa sauti, mbele ya mtu ambaye nilimhesabia nusu za firigisi kwa miaka miwili. Makokha alikuwa nyuma ya nyumba akijifanya anakaza mpini wa shoka. Nilimfuata huko. Nikamwambia mpini unacheza. Akaushika, akafumba macho, akasema hauchezi. Nikamshika mkono, naye akaniachia nishike, muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Mwaka uliofuata alirudi mtihanini, akamaliza bila kutamka hata salamu, na cheti chake ninacho mpaka leo. Tulipata chumba kwa jina letu. Lakini mwaka ule wa kwanza kadi iliyopigiliwa kwenye mlango wa kijani iliandikwa KIPKETER, na chini ya jina hilo ndipo nilipotundika pazia langu, ndipo Nanyama alipougua surua na baba yake akamshika paji la uso usiku na mchana mpaka akapona.

Jumapili ya kwanza mle ndani, baada ya kanisa, nilimchinja jogoo. Nikawaandalia sahani moja, wao wawili, kama kawaida. Firigisi nikaiweka nzima upande wa Kipketer.

Wote wakaitazama. Makokha akanitazama mimi.

"Kwetu hii ni ya mwenye nyumba," nikamwambia Kipketer. "Jina lililo mlangoni ni lako."

Kipketer hakuigusa. Akaisukuma polepole upande wa mume wangu. Makokha akachukua kisu. Akaibonyeza firigisi kwa kidole gumba, akafumba macho kama afanyavyo, akakata. Nami nikaona, kwa sababu nilikuwa nimesimama juu yao na mchuzi mkononi, kwamba vipande havilingani. Kimoja kilikuwa kikubwa, kikubwa kwa kuonekana, na aliyekata ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosea unene wa ukucha. Kile kikubwa akamwekea Kipketer.

Kipketer akakiinua, akakigeuza kwa vidole, akakipima.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Hata firigisi imekushinda."

Akakila.